Mama Sarah wa Kogelo: Mlezi wa Watoto Wake na wa Wenzake

Kwa watu wa nyumbani, mlio Alego na mlio mbali,

Katika kitabu cha harambee cha mwaka huu tumetenga kurasa hizi kumkumbuka Sarah Onyango Obama. Dunia ilimwita Mama Sarah. Wajukuu wake walimwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo. Alifariki Jumatatu tarehe 29 Machi 2021 katika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, akiwa na umri wa miaka 99. Kesho yake alizikwa nyumbani Kogelo kwa taratibu za dini yake ya Kiislamu.

Wengi wetu hatukuwepo. Siku tatu kabla, tarehe 26 Machi, serikali ilikuwa imefunga Nairobi pamoja na kaunti za Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru kwa sababu ya korona. Hapakuwa na kuingia wala kutoka. Sisi tulio Nairobi, tuliozoea kukodi basi usiku na kufika matangani asubuhi, tulimzika Mama Sarah kwa kutazama simu na televisheni. Kwetu, kutofika mazikoni ni deni, na hata sababu ikiwa nzuri kiasi gani, deni hubaki deni. Makala haya ni sehemu ya kulilipa. Sehemu nyingine tutaieleza mwishoni.

Mke wa tatu katika boma la Onyango

Mama Sarah alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji kando ya Ziwa Viktoria. Aliolewa akiwa msichana, akawa mke wa tatu wa Hussein Onyango Obama. Mzee Onyango alikuwa mtu mzima aliyemzidi umri kwa miaka mingi, na alikuwa ameona dunia. Alijifunza kusoma na kuandika wakati ambapo wengi wa rika lake hawakuthubutu kuukaribia mlango wa shule. Alihudumu na Waingereza wakati wa vita, akasilimu na kupata jina la Hussein, kisha akafanya kazi ya upishi katika nyumba za Wazungu Nairobi. Wote waliomjua walimtaja kuwa mkali, mpenda usafi na mpenda utaratibu.

Ukoo ulikuwa umeishi kwa muda ng'ambo ya Ghuba ya Winam, upande wa Kendu Bay, lakini asili yake ni huku Alego. Mzee Onyango aliamua kurudi kwenye ardhi ya mababu, akaja na wake zake wawili, Akumu na Sarah. Kuhama kule kulikuwa kugumu kwa Akumu. Ndoa yake haikuwa na amani, na mwisho aliondoka akarudi kwao, akawaacha watoto wake. Mmoja wao alikuwa mvulana aliyezaliwa mwaka 1934, jina lake Barack.

Hapa ndipo historia ya Mama Sarah inapoanza kuwa historia yetu sote. Wazee wetu wanajua jinsi mambo yanavyoweza kwenda katika boma la wake wengi mama mmoja anapoondoka. Watoto hubaki na baba mkali na mama wa kambo ambaye naye ana wake wa kuzaa, na sahani ni ileile. Watoto wa Akumu walimlilia mama yao. Wakubwa wawili walitoroka, wakatembea kwa miguu siku nyingi wakielekea Kendu kumtafuta, lakini hatimaye walirudishwa. Aliyewapokea na kuwalea ni Sarah, mwanamke ambaye wakati huo alikuwa bado kijana wa miaka ya ishirini.

Hakuwazaa, na hakuna aliyemlazimisha kuwapenda. Angeweza kuwapa chakula na kuishia hapo, na hakuna baraza ambalo lingemhukumu. Waswahili husema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Msemo huo tumezoea kuutamka kwenye sherehe. Yeye aliuishi kila siku, katika nyumba ambayo watoto walikuwa wamejeruhiwa moyoni kabla hajawashika mkono. Barack alipokua, na hata alipokuwa msomi mwenye cheo, alimjua yeye kuwa mama. Ndiyo maana watoto wa Barack walimjua yeye kuwa nyanya, na wala hawakuona haja ya kuongeza maneno "wa kambo".

Kilomita tisa hadi Ng'iya

Mama Sarah hakusoma shule. Katika utoto wake, msichana wa kwetu alifundishwa kulima, kuteka maji, kupika na kulea wadogo zake, na elimu ya darasani ilihesabiwa kuwa ya wavulana, tena wachache. Yeye mwenyewe alieleza, mwaka 2014, alivyoumizwa na jambo hilo hata akiwa mtu mzima. Barua zilikuwa zikija nyumbani, naye akawa hawezi kuzisoma.

Tuliokulia nyumbani tunaelewa uzito wa jambo hilo. Wanaume wa Nyanza walikuwa wametawanyika kwenye kazi: reli, mashamba ya chai ya Kericho, mashamba ya miwa, majiko na bustani za Wazungu mjini. Habari zao zilikuja kwa karatasi. Mama asiyejua kusoma alilazimika kumtafuta mtu wa kumsomea barua ya mumewe au ya mwanawe, na mtu huyo akajua siri za nyumba kabla ya mwenye nyumba. Kama aliyeisoma aliruka sentensi au aliongeza yake, mama hakuwa na njia ya kujua.

Mama Sarah aliamua kwamba watoto wa boma lake hawatakuwa hivyo. Alisimulia jinsi alivyokuwa akimbeba Barack nyuma ya baiskeli kila siku kutoka Kogelo hadi Ng'iya, umbali wa kilomita 9 hivi, ili afike shule. Anayeijua njia hiyo leo, ikiwa na boda boda na matatu, na aifikirie katika miaka ya 1940. Ilikuwa ya udongo, wakati wa mvua matope hushika gurudumu, na wakati wa kiangazi vumbi hujaa kooni. Kwenda na kurudi ni kilomita 18. Na jembe lilikuwa likimsubiri, kwa kuwa shamba halikumpa likizo kwa sababu alikuwa amempeleka mtoto shuleni.

Tunalitaja jambo hili kwa kirefu kwa sababu ndilo la msingi katika maisha yake. Hakuwa na fedha nyingi wala cheo, na hakujua kilichoandikwa ndani ya vitabu alivyokuwa akimsafirishia mtoto. Alichokuwa nacho ni miguu miwili, baiskeli na imani kwamba mtoto akijua kusoma ataweza kujitegemea. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa yeye mwenyewe kila alipoulizwa kwa nini anapenda elimu. Na alipoizungumzia, mara nyingi aliwataja wasichana kwanza.

Barack aliendelea hadi Maseno. Mwaka 1959 alisafiri kwenda Chuo Kikuu cha Hawaii, akawa mwanafunzi wa kwanza kutoka Afrika chuoni hapo, kisha akasoma Harvard. Alirudi Kenya akiwa mchumi, akafanya kazi serikalini. Kutoka kiti cha nyuma cha baiskeli hadi Harvard ni njia ndefu, nayo haikuisha vizuri. Mwaka 1982 alifariki katika ajali ya gari Nairobi, akaletwa Kogelo, akazikwa ndani ya boma. Mama Sarah alimzika mwana aliyemlea kabla ya kuona mavuno yoyote makubwa ya kazi yake. Tunapomwona kwenye picha akicheka na wageni, tukumbuke kwamba kaburi hilo lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni kwake, na alilipita kila asubuhi kwa karibu miaka arobaini.

Aliyetunza barua asizoweza kuzisoma

Mwishoni mwa miaka ya 1980, mwana wa marehemu aliyezaliwa Marekani alikuja Kogelo kwa mara ya kwanza kuwatafuta watu wa baba yake. Alikuwa kijana asiyejua Kijaluo. Dada yake Auma ndiye aliyekuwa akitafsiri. Safari hiyo ameieleza katika kitabu chake Dreams from My Father kilichotoka mwaka 1995, na sehemu kubwa ya historia ya ukoo iliyomo ndani yake imetoka kinywani mwa Mama Sarah. Aliketi na mjukuu wake akamtajia mababu mmoja baada ya mwingine, akamweleza Onyango alikuwa mtu wa namna gani, Akumu aliondokaje na baba yake alikuwa mtoto wa aina gani. Hakuficha ukali wa mumewe wala uchungu wa mke mwenzake. Alisimulia kama mtu anayejua kwamba mtoto akifichiwa historia ataitafuta kwa majirani.

Kisha akatoa makaratasi. Moja lilikuwa kitabu kidogo cha kazi cha mumewe, kile ambacho sheria ya kikoloni iliwalazimisha watumishi wa majumbani kubeba, ambamo kila mwajiri aliandika maoni yake. Mengine yalikuwa barua ambazo Barack Mzee aliviandikia vyuo vikuu vya Marekani akiomba nafasi ya kusoma.

Fikirini jambo hilo. Kwa miaka mingi, mwanamke asiyejua kusoma alihifadhi karatasi katika nyumba ya kijijini, penye mchwa, panya na mvua inayovuja. Wangapi kati yetu, wenye digrii, tunajua ziko wapi barua za baba zetu, vyeti vya babu zetu au hata hati ya shamba? Vingine tulivitumia kuwashia moto, na vingine tuliviacha katika nyumba ya kupanga Eastlands tulipohama. Yeye alivitunza, na siku mwenye haki navyo alipokuja vilikuwepo.

Tungependa vijana wanaosoma makala haya wajifunze hapo. Msiende nyumbani Desemba kula tu. Kaeni na nyanya zenu mkiwa na kalamu au simu ya kurekodi, waulizeni walizaliwa wapi, nani aliwalea, ukoo ulihama lini na kwa nini. Mzee akizikwa bila kuulizwa, huenda na mengi.

Boma lisilofungwa

Miaka ya 1990 na ile iliyofuata ilikuwa mibaya kwetu. Hatuhitaji kuikumbusha familia yoyote ya Siaya jinsi ukimwi ulivyopita. Serikali ilitangaza ugonjwa huo kuwa janga la taifa mwaka 1999, lakini kufikia hapo Nyanza ilikuwa imekwisha kuzika sana. Walikufa walimu, madereva, wavuvi, akina mama wenye watoto wachanga. Kizazi cha kati kiliondoka, wakabaki nyanya na wajukuu. Mwanamke wa miaka sabini, aliyetarajia kupumzika na kuletewa sukari na watoto wake, alijikuta akianza upya kulea, kutafuta sare na kubembeleza ofisini mwa mwalimu mkuu.

Mama Sarah alikuwa mmoja wa nyanya hao, naye hakuishia kwa wajukuu wa damu yake. Kwa miaka mingi alisaidia yatima, wengine akiwalea katika nyumba yake mwenyewe. Baadaye kazi hiyo ikawa na jina, Mama Sarah Obama Foundation, iliyotoa chakula, karo, sare, vifaa vya shule na matibabu ya kawaida kwa watoto waliofiwa na wazazi.

Tazameni orodha hiyo. Ni ya mtu anayejua mtoto hufukuzwa shule kwa sababu gani. Elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bila malipo mwezi Januari 2003, wengi tulidhani shida imekwisha. Lakini mtoto wa yatima bado alibaki nyumbani kwa kukosa sare, au kwa kuwa alikuwa na njaa, au kwa kuwa malaria ilimlaza wiki mbili na hakuna aliyempeleka zahanati. Akifaulu kwenda sekondari, mlima mwingine ulimsubiri. Mama Sarah hakuhitaji utafiti kujua hayo. Aliyajua kwa kuwa watoto wenyewe walikuwa wakiketi jikoni kwake.

Umaarufu ulipofika mlangoni

Mwezi Agosti 2006 mjukuu wake alikuja tena, safari hii akiwa seneta. Usiku wa uchaguzi wa Novemba 2008 Kogelo haikulala. Rais Kibaki alitangaza Alhamisi ya tarehe 6 Novemba kuwa siku ya mapumziko ya taifa zima, na muda mfupi baadaye nguzo za umeme zilifika nyumbani kwa Mama Sarah. Januari 2009 alikuwa Washington, mama wa Alego katika baridi ile, akishuhudia Barack Obama akiapishwa kuwa Rais wa Marekani. Mwezi Novemba 2014 alitunukiwa New York kwa upainia wake katika elimu, katika Siku ya Ujasiriamali wa Wanawake. Aliwahi pia kwenda Makka kuhiji.

Hayo yote yangembadilisha mtu mwingine. Yeye alirudi Kogelo kila mara, akaendelea na shamba lake na kuku wake, na wageni akawapokea kwenye viti vya plastiki chini ya mti uani. Walikuja mabalozi, watalii, waandishi wa habari na wanasiasa wa kila chama. Walikuja pia majirani waliokuwa na shida ya debe moja la mahindi. Wengi kati yetu tunajua kwamba fahari ya jamaa mmoja inaweza kuwafanya majirani kuwa maadui. Kwamba boma lile liliendelea kuwa la kijiji zima, hata baada ya kuwekewa lango na askari wa kulinda, ni kazi ya mwenye boma.

Mwezi Julai 2018, Barack Obama, akiwa ameshamaliza muda wake wa urais, alikuja Kogelo kufungua kituo cha vijana cha Sauti Kuu, kilichoanzishwa na dada yake Auma. Mama Sarah alikuwepo, akiwa na umri wa miaka tisini na sita hivi. Mbegu ya Ng'iya ilikuwa imefikia kizazi cha tatu. Binti wa mtoto aliyebebwa kwa baiskeli alikuwa amerudi kuwajengea watoto wa wengine mahali pa kujifunza kazi na michezo.

Deni letu

Tuna hofu moja kuhusu jinsi Mama Sarah atakavyokumbukwa. Tukimkumbuka tu kama nyanya wa rais, maisha yake hayatatufundisha kitu, kwa sababu wengi wetu hatutamlea mjukuu atakayekuwa rais wa Marekani. Historia hiyo itabaki ya kutazamwa na watalii.

Alipokanyaga pedali kuelekea Ng'iya, hakujua habari za Hawaii, Harvard wala Ikulu ya Marekani. Alijua tu kuna mtoto asiye na mama karibu naye, na kwamba shule iko mbali. Hilo linaweza kufanywa na yeyote kati yetu. Na lilifanywa na wengi ambao majina yao hayamo katika gazeti lolote: shangazi aliyeuza ng'ombe, nyanya aliyekaanga omena alfajiri sokoni, mke mwenza aliyegawa unga sawasawa kati ya watoto wake na wa mwenzake. Kila mmoja wetu aliyepata kazi mjini alibebwa na mtu. Jiulize ni nani aliyekubeba wewe, kisha umtaje kwa jina mbele ya watoto wako.

Fedha zitakazochangwa kupitia kitabu hiki zinakwenda kwenye mfuko wa karo wa watoto wa nyumbani waliofiwa au ambao wazazi wao hawajiwezi. Tunaomba mambo matatu. La kwanza, tusisubiri mtoto apate alama za juu ndipo tumwone. Barack alibebwa kabla ya mtu yeyote kujua ana akili kiasi gani. La pili, wasichana wasiwekwe mwisho wa foleni, kwa kuwa Mama Sarah mwenyewe alijua uchungu wa kuachwa nje ya darasa. La tatu, anayechangia kidogo asione haya. Sare moja ni kidogo, lakini mtoto aliyefukuzwa kwa kukosa sare hukosa masomo yote.

Mwaka 2021 barabara ilifungwa, hatukuweza kwenda kumwaga udongo kaburini. Leo barabara iko wazi, na kuna watoto Alego wanaoamka gizani wakitembea kwenda shule. Mweka hazina na wawakilishi wetu wa kila mji wanapokea michango hadi siku ya harambee. Njooni na chochote mlicho nacho, na mkija mjue mnamlipa nani.

Mungu ailaze roho ya Dani Sarah mahali pema peponi.